Kadi za Anki hazikufundishi Kijapani, zinakulindia ulichokwisha kielewa

Mtu akianza tu kujifunza Kijapani, haipiti wiki kabla hajaambiwa adaunlodi Anki, apu ya kadi zenye swali mbele na jibu nyuma ambazo inakurudishia kila baada ya muda. Anadaunlodi, anaingiza seti ya kadi elfu kadhaa aliyoikuta mtandaoni, anaanza kubonyeza, na baada ya miezi miwili mitatu unamkuta kwenye moja ya hali mbili: ama marudio yamemwelemea mpaka hataki hata kuiona hiyo apu, ama anabonyeza vizuri kila siku lakini akifungua ukurasa mwepesi kabisa wa manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, hatoki na kitu. Wote wawili wanaishia kusema kadi hazifanyi kazi. Mimi nasema zinafanya, tena vizuri sana, ila kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani na ukiielewa hiyo kazi ndogo mambo mengi yanayochanganya watu yanajipanga yenyewe.

Kazi yenyewe ni kukuzuia usisahau kitu ambacho tayari ulishakielewa. Basi. Programu haijui Kijapani, haijui kama neno umelielewa au umelikariri kama namba ya simu, inachojua ni siku uliyoliona na kitufe ulichobonyeza. Kuelewa kunatoka kwingine, kwenye kitabu cha sarufi, kwenye kusoma, kwenye kusikiliza, kwenye kuongea na watu. Ukiichukua kazi ya kuelewa ukaibebesha kadi ndo hapo unakwama.

Sasa tuanzie kwenye kusahau kwenyewe maana programu nzima imejengwa juu yake. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikuwa anakariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, alafu anapima baada ya dakika, masaa na siku itamgharimu kazi kiasi gani kuzirudisha kichwani. Alichokiona ni kwamba kusahau kunakuja kwa kasi sana mwanzoni, kisha kunapungua mwendo, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwenye siku tofauti yanashikilia kuliko marudio yaleyale yaliyorundikwa siku moja. Hiyo sehemu ya pili ndo dhahabu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeneza njia ya boksi la kadi za karatasi lenye vyumba, ukipata kadi inasogea chumba cha mbele ambacho kinafunguliwa mara chache zaidi, ukikosa inarudi chumba cha kwanza. Kule Poland, Piotr Woźniak akaigeuza hesabu ya namna hiyo kuwa programu ya kompyuta, SuperMemo, mwaka 1987, na fomula yake inayoitwa SM-2 ndo iliyokuja kuazimwa na Anki, programu ya Damien Elmes iliyotoka 2006. Jina lenyewe ni la Kijapani, 暗記, maana yake kukariri. Kwenye kompyuta na kwenye Android ni ya bure, kwenye iPhone apu rasmi inalipiwa.

Fomula inafanyaje? Chukua kadi moja ambayo kila ukiulizwa unaipata. Unaiona leo, inarudi kesho, kisha baada ya siku kama tatu, kisha wiki hivi, kisha kama siku 16, kisha mwezi na zaidi, kisha miezi mitatu, kisha miezi minane. Kila mara muda unazidishwa kwa mbili na nusu. Yaani marudio saba tu yamekubeba zaidi ya mwaka, na kila rudio ni sekunde chache. Ukikosa, muda unakatwa, kadi inaanza tena kwa karibu, na ile mbili na nusu inashushwa kidogo kwa sababu programu inahesabu kuwa hii kadi kwako ni ngumu. Tatizo la SM-2 liko hapohapo: kadi ukiikosa mara kadhaa kiwango chake cha kuzidisha kinashuka hadi moja nukta tatu na kikifika huko hakipandi tena chenyewe hata kama sasa hivi neno unalijua vizuri, kwa hiyo unajikuta unaulizwa maneno yaleyale kila baada ya siku chache miezi na miezi.

Ndo maana tangu 2023 Anki ina fomula nyingine ndani yake inayoitwa FSRS, unaiwasha kwenye setingi za seti. Hii badala ya kutumia namba ileile kwa watu wote inasoma historia yako mwenyewe ya marudio, inakadiria kila kadi uwezekano wa wewe kuikumbuka leo ni kiasi gani, na inakuletea kadi pale uwezekano huo unapokaribia kiwango ulichochagua wewe. Kiwango cha kawaida ni asilimia 90. Hapa watu wengi wanafanya kitu kinachoonekana cha busara, wanapandisha mpaka 95 au 97 wakiamini watakumbuka zaidi. Wanakumbuka zaidi, ni kweli, lakini kutoka 90 kwenda 95 muda kati ya marudio unapungua kuwa takriban nusu, yaani kazi karibu mara mbili ili kuokoa kadi tano katika kila mia moja. Kwa lugha hailipi. Neno ulilolisahau kwenye kadi utakutana nalo tena ukisoma, kwa hiyo muda huo wa ziada bora uupeleke kwenye kusoma. Mimi ningekwambia baki 90, na kama umelemewa shuka hadi 85, hakuna kitakachoharibika.

Kuhusu vitufe vinne vya chini niseme kwa nguvu kidogo kwa sababu hapa ndo data inapoharibikia. Cha kwanza kushoto maana yake nimesahau. Cha pili nimekumbuka ila kwa tabu. Cha tatu nimekumbuka. Cha nne ilikuwa rahisi mno. Sasa watu wana huruma na nafsi zao, neno limewatoka kabisa, wanafunua jibu, wanasema "aa, nilikuwa nalijua hili", wanabonyeza cha pili. Kwa programu cha pili ni kufaulu. Umeiambia umekumbuka, itaisogeza kadi mbele, na kwa FSRS ni mbaya zaidi kwa sababu inajifunza kutokana na majibu yako kwa hiyo itakokotoa vibaya hata kadi zingine. Kama hukulitoa jibu kichwani kabla ya kufunua, ni cha kwanza, bila mjadala. Wengi wanaofanya vizuri kwa miaka wanatumia viwili tu, cha kwanza na cha tatu, na wanaokoa pia ile sekunde ya kujiuliza "hivi hii ilikuwa tabu au haikuwa tabu".

Alafu kuna suala la wingi. Anki inakuja na setingi ya kadi mpya 20 kwa siku, na siku ya kwanza 20 ni kitu kidogo sana, dakika kumi umemaliza, unatamani kuongeza. Lakini kila kadi mpya ni deni, unakopa leo na malipo yanaanza kesho na yanakufuata wiki zinazokuja. Watumiaji wazoefu hukadiria kwamba baada ya muda marudio ya siku yanatulia kwenye mara saba mpaka kumi ya kadi mpya unazochukua. Kwa 20 hiyo ni marudio 140 hadi 200 kila siku ya Mungu, sikukuu ikiwemo, siku ya homa ikiwemo. Mwenye masaa mawili ya Kijapani kwa siku anaweza, mwenye nusu saa atakuwa anafanya kadi tu na hasomi kitu, na tumeshasema kadi peke yake hazielewi kwa niaba yako. Kumi kwa siku ni maneno 3,650 kwa mwaka ambayo kusema kweli ni mengi. Hata tano kwa siku unapata zaidi ya 1,800, na hizo zinatosha kuanza kusoma vitu vyepesi.

Na ukikosa wiki nzima ukarudi ukakuta kadi mia sita zinakusubiri, usijaribu kuzimaliza usiku mmoja na usifute seti ukaanza upya. Weka kadi mpya sifuri, weka kikomo cha marudio kwa siku unachoweza kukibeba, tembea na hilo deni mpaka liishe. Kadi uliyochelewa nayo na bado ukaikumbuka ni habari njema pia kwa programu maana imejua kuwa inaweza kuisogeza mbali zaidi.

Hayo yote ni ya kadi za aina yoyote. Kijapani chenyewe kina mambo yake, na ndo sehemu ninayoipenda zaidi.

Sisi tumezoea kwamba neno ukiliona limeandikwa unaweza kulisoma hata kama hulijui maana. Kijapani kikiandikwa kwa kana, yaani aina zake mbili za herufi za sauti, ni hivohivo, silabi kwa silabi, hiragana ina herufi 46 za msingi na katakana 46, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili sauti nyingi ni za kawaida tu, vokali tano zilezile, silabi zinazoishia na vokali. Lakini kanji, zile alama zenye asili ya Kichina, haikwambii sauti waziwazi. Kwa hiyo neno moja la Kijapani lina vitu vitatu vinavyoweza kuachana kichwani: umbo, sauti, maana. Unaweza kujua maana ya 水 kwa kuiangalia ukasahau kwamba inasomwa mizu. Unaweza kuisikia mizu ukajua ni maji na usiitambue ikiandikwa. Kadi inayouliza "hii ni nini?" bila wewe kuamua inauliza kipi kati ya hivyo vitatu ni kadi inayokudanganya, leo utajipa kufaulu kwa kujua maana, kesho utajinyima kwa kukosa sauti, na programu haitaelewa umekuwaje.

Uamuzi mzuri kwa anaeanza ni huu: upande wa mbele neno lenyewe kwa kanji, peke yake au ndani ya sentensi fupi, na unahesabu umepata kama umetoa sauti na maana zote mbili. Upande wa nyuma kana, maana, sauti ya kusikiliza, na sentensi. Na tafadhali usiweke kana ndogo juu ya kanji upande wa mbele. Jicho ni vivu, litasoma kana kila mara na kanji itabaki pambo, utamaliza kadi elfu moja ukiwa huwezi kusoma hata mia bila msaada.

Swali linalofuata kila mtu analiuliza: nijifunze kanji moja moja kwanza au niende na maneno? Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kila siku nchini Japani, jōyō kanji, ina 2,136 tangu iliporekebishwa 2010, na wako wanaotengeneza kadi 2,136 zenye kanji mbele na usomaji wake wote nyuma. Angalia inachomaanisha kwa kanji moja tu, 生. Kwenye 学生 gakusei, mwanafunzi, ni sei. Kwenye 一生 isshō, maisha yote ya mtu, ni shō. Kwenye 誕生日 tanjōbi, siku ya kuzaliwa, imegeuka jō. Kwenye 生きる ni i-kiru, kuishi. Kwenye 生まれる ni u-mareru, kuzaliwa. Ikisimama yenyewe 生 ni nama, kitu kibichi. Na bado sijamaliza. Ukiweka hizo zote nyuma ya kadi moja unajitaka ukariri orodha ambayo haina matumizi popote, maana hakuna Mjapani anaekutana na 生 ikielea hewani akajiuliza ina usomaji wa aina ngapi, anakutana nayo ndani ya neno na neno ndo linalomwambia. Ukijifunza gakusei, tanjōbi, ikiru, umareru, kila moja kwa wakati wake kama neno, usomaji unakuja wenyewe, na siku utakapokutana na neno jipya lenye 生 utakuwa na kisio zuri.

Hiyo haimaanishi usiangalie sehemu za kanji. Ziangalie, maana nyingi zimejengwa kwa kipande kinachodokeza maana na kipande kinachodokeza sauti. 青 inasomwa sei, na 清, 晴, 精, 静 zote zina usomaji sei kwa sababu zimeibeba ndani. Ukishaliona hilo mara moja hulisahau, na halihitaji kadi. Ni kitu cha kuelewa, kikishaeleweka kinazipunguzia kadi zingine kazi.

Sasa mwelekeo wa kadi. Kuna kadi ya kutambua, Kijapani mbele na Kiswahili nyuma, na kuna kadi ya kutoa, Kiswahili mbele na wewe utoe Kijapani. Watu wanawasha zote mbili kwa kila neno wakijua wanajifunza mara mbili. Jaribu na neno "kuvaa". Kadi inakuuliza: kuvaa. Unajibu nini? Shati na koti ni 着る kiru. Viatu, soksi, hata suruali ni 履く haku. Kofia ni かぶる kaburu. Miwani ni かける kakeru. Majibu manne, yote sahihi, na kadi inataka moja tu, kwa hiyo utakosa mara tatu bila kosa lolote na programu itakuandikia kuwa kiru ni neno gumu kwako. Kama unataka kweli kadi ya kutoa, mbele weka sentensi yenye pengo: bōshi o ＿＿, yaani kofia imeshatajwa, na hapo jibu ni kaburu pekee. Lakini kwa mwaka wa kwanza mimi ningeacha kadi za kutoa kabisa. Kutoa kunajengwa vizuri zaidi kwa kuandika na kuongea, na kadi za kutambua zinakwenda haraka, kazi nusu.

Kuna sehemu moja ambayo Kiswahili chako kinakusaidia moja kwa moja na sioni watu wakiitumia. Vitenzi vya Kijapani vingi vinakwenda kwa jozi, kimoja cha mtu kufanya kitu na kingine cha kitu kutokea chenyewe. 割る waru na 割れる wareru. 落とす otosu na 落ちる ochiru. Wanafunzi wanaozungumza lugha nyingine wanateseka na hizi kwa sababu kwao mara nyingi ni kitenzi kimoja tu. Wewe tayari una vunja na vunjika, angusha na anguka. Kwa hiyo usiandike nyuma ya kadi ya wareru neno "kuvunja", andika "kuvunjika", na sentensi iwe コップが割れた, koppu ga wareta, glasi imevunjika, huku waru ukiiwekea コップを割った, koppu o watta, nimevunja glasi. Hiyo ga (inayofuata kitu kilichovunjika chenyewe) na hiyo o (inayofuata kitu kilichovunjwa na mtu) ndani ya sentensi zinabeba nusu ya elimu yenyewe. Ukiwa unachukua maana kutoka kamusi ya Kiingereza kwenda kwenye kadi zako unapoteza hiki kitu ambacho unacho bure, na ndo sababu nashauri maana uziandike kwa Kiswahili hata kama seti uliyoipata ni ya Kiingereza. Fungua kadi, rekebisha, inachukua sekunde ishirini.

Sauti usiipuuze, tena iwe ya mtu anaeongea na icheze yenyewe ukifunua jibu. Vokali zetu zinafanana lakini urefu unabadilisha neno: obasan ni shangazi au mama wa makamo, obāsan ni bibi, biru ni jengo na bīru ni bia, kite ni njoo na kitte ni stempu. Halafu kuna mpando na mshuko wa sauti, kwa lafudhi ya Tokyo hashi inayoanzia juu ikashuka ni vijiti vya kulia na hashi inayoanzia chini ikapanda ni daraja. Sisi tunapenda kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo, na bila kusikia utajikuta unaimba kila neno kwa tuni ya Kiswahili. Sikiliza, rudia kwa mdomo, endelea. Huhitaji kukariri alama za mpando kwa kila neno.

Kuhusu seti za kudaunlodi, zipo nyingi mno na mtu anaweza kupoteza mwezi anachagua. Kaishi 1.5k ni seti ya bure yenye maneno kama 1,500 ya kawaida, ina sauti na sentensi, kwa anaeanza inatosha kabisa. Seti zingine zimepangwa kwa kuhesabu maneno ya magazetini kwa hiyo maneno kama keizai, uchumi, na seifu, serikali, yanakuja mapema mno kuliko mtu anavyoyahitaji. Na ukiona seti imeandikwa "maneno yote ya N5" au ya N3, yaani ngazi za JLPT, mtihani wa Kijapani kwa wageni, ujue ni makisio ya aliyeitengeneza. Tangu mtihani wa JLPT ulipobadilishwa 2010 waandaaji hawatoi tena orodha rasmi ya maneno. Mtihani wa zamani, ule wa ngazi nne, ulitaja kama maneno 800 kwa ngazi ya chini na 10,000 kwa ya juu, na watu bado wanazitumia hizo namba kama dira, sio mbaya, ila zisikufanye uamini kwamba ukimaliza seti umemaliza ngazi.

Baada ya hizo elfu moja na nusu, kadi nzuri kuliko zote ni zile unazotengeneza mwenyewe kutokana na ulichosoma. Unasoma, unakutana na sentensi ambayo kila kitu unakijua isipokuwa neno moja, hiyo ndo sentensi ya kuchukua. Kama hujui maneno manne ndani yake iache, itakuja nyingine. Kwenye kompyuta kuna Yomitan, kidude cha bure kinachokaa ndani ya brauza, unapitisha mshale juu ya neno kinakuonyesha maana na kwa kubonyeza mara moja kinaipeleka kadi Anki pamoja na sentensi na sauti. Utamu wa kadi za namna hii ni kwamba neno lina kumbukumbu tayari, unajua nani alilisema na kwenye tukio gani, kuelewa kulishafanyika kabla kadi haijazaliwa, na hiyo ndo ile kazi ndogo niliyoisema mwanzo, kadi inalinda tu. Ila angalia jambo moja: sentensi ikiwa ndefu na ya kipekee utaanza kuitambua sentensi kwa umbo lake na kujibu bila hata kuangalia neno. Ukihisi hivo, toa sentensi mbele, weka neno tu, sentensi ihamie nyuma.

Mwisho kuna kadi ambazo haziingii. Kila mtu anazo. Unaikosa, inarudi, unaikosa, na Anki kwa setingi ya kawaida ikifika mara nane inaiwekea alama ya ruba, yule mdudu anaenyonya damu, na unaweza kuipangia iisimamishe kabisa. Watu wanazirudisha kwa nguvu na kuendelea kuzipiga wakiamini ni suala la bidii, wakati kadi ya ruba karibu kila mara ina sababu inayoonekana ukitulia ukaiangalia. Mfano wa wazi ni 待つ matsu, kusubiri, na 持つ motsu, kuwa na kitu mkononi. Zinafanana, sauti zinakaribiana, na kila ukipata moja unaikosa nyingine wiki inayofuata. Kuzirudia mara hamsini kila moja peke yake hakusaidii kwa sababu tatizo halimo ndani ya kadi yoyote kati ya hizo mbili, liko katikati yao. Ziweke pamoja kwenye karatasi. Upande wa kulia zote zina 寺 ileile. Kushoto, 持 ina 扌, ambayo ni mkono, na kushika kunafanywa kwa mkono. 待 ina 彳 ambayo inahusu njia na kutembea, mtu kasimama njiani anasubiri. Dakika mbili. Ongeza mstari nyuma ya kila kadi unaosema "sio ile ya mkono" na "hii ndo ya mkono", zirudishe, uone.

Zingine sababu yake ni kwamba maana uliyoandika ni ya jumla mno, au neno lenyewe hulihitaji bado, labda ni jina la chombo cha kisheria lililotoka kwenye seti ya magazeti. Hizo za mwisho zifute. Futa kabisa bila kuona haya, kama ni neno muhimu litakurudia lenyewe kwenye kusoma, na likirudi mara ya tatu ndani ya sentensi unayoielewa, tengeneza kadi mpya.